Katriji za mtumba za 85A hapa Dodoma: zilizonilipa na zilizonichafulia meza

Nianze na maksi kabisa maana najua wengine mnasoma mistari miwili mnasepa. Katriji ya mtumba ya 85A (ile ya unga wa wino wa printa za leza za HP), orijino, iliyotumika mara moja tu na haijawahi kufunguliwa na fundi yeyote, naipa 9 kwa 10. Ile iliyofunguliwa mara tatu na mafundi watatu tofauti halafu ikafungwa na super glue naipa 2, na hizo 2 ni kwa sababu mtoto wangu anaichezea kama gari. Shida ni kwamba ukiziweka hizo mbili mezani zinafanana, bei ni moja, na anayekuuzia anaapa kwa jina la mama yake kwamba zote ni "ogi".

Mi nina steshenari, kachumba kamoja tu, huku upande wa Ng'ong'ona njia ya chuo. Wateja wangu wengi ni wanachuo wa UDOM na akina mama wa vikundi wanaokuja kutoa kopi za vitambulisho na fomu za mikopo. Mashine ninazo mbili, Canon MF3010 ambayo ndo inafanya kopi zote, na HP P1102 ya kuprinti tu. Nilizichagua hizo makusudi, Canon katriji yake anaiita 725 na HP anaiita 85A lakini ganda ni lile lile, ikiisha huku nachomoa kule naendelea na kazi, mteja hata hajui kama kuna kitu kimeisha.

Sasa kwa nini mtumba. Orijino mpya ya boksi niliulizia mjini nikaambiwa 240,000. Katriji hiyo HP mwenyewe anasema inatoa kurasa 1,600, tena kurasa za maandishi yaliyojaa asilimia 5 ya karatasi, yaani barua fupi fupi, sio risachi ya mwanachuo yenye majedwali na grafu nyeusi tii. Gawanya mwenyewe: shilingi 150 kwa ukurasa kabla hujanunua karatasi wala kulipa umeme, na mimi mwanachuo nampigia 100 kwa ukurasa. Yaani kila nikiprinti namzawadia mtu hamsini yake. Ofisi wanaweza, mimi siwezi.

Njia ya pili ni hizi mpya za mchina, zinauzwa 30,000 hivi, na sizitukani, nimezitumia karibu miaka miwili. Ila nyingi nilizopata mimi plastiki yake laini, gia za pembeni zinasaga na kulia kama tela la punda, na ukiirefili mara moja tu inaanza kuvujisha unga pembeni. Ganda la orijino ni kitu kingine, gia zake ngumu, rola zimekaa sawa, na drami yake (ile rola kubwa inayobeba picha kwenda kwenye karatasi) ukiitunza inavumilia unga mpya zaidi ya mara moja. Ndo maana hata hao wanaotengeneza feki wanayatafuta maganda ya orijino kwa udi na uvumba, wanajaza, wanaweka boksi, wanauza kama mpya. Nitarudi kwenye hilo la boksi.

Kwa hiyo hesabu ya steshenari ndogo ni ganda la orijino lililotumika, unalijaza unga, unapiga kazi, unajaza tena. Kazi yote iko kwenye kulichagua hilo ganda.

Mzigo wa kwanza niliagiza Kariakoo. Jamaa nilimpata kwenye grupu la WhatsApp la watu wa steshenari, ana picha nzuri, maganda yamepangwa kama mikate, bei 6,000 moja. Nikaagiza 10, nikatuma 60,000 kwa simu na 5,000 ya kifurushi kwenye basi. Ilikuwa mwezi wa sita, wanachuo wanafunga risachi, kila mtu anataka nakala tatu na baindingi, nikajiona mjanja kweli. Mzigo ukashuka stendi kuu Nanenane saa 3 usiku, shemeji yenu akaenda kuuchukua na bodaboda, kufungua boksi nyumbani unga umemwagika mpaka kwenye zile chapati zilizokuwa mezani. Hapo nilitakiwa kushtuka lakini nikasema aah, ni safari tu, barabara.

Kwenye hizo 10, mbili hazikuwa 85A kabisa, zilikuwa 12A, za mashine kama HP 1020, ganda refu tofauti haliingii hata ulazimishe. Moja gia imevunjika jino. Tatu zilikuwa na tundu la kuchomwa na pasi ya kulehemu, tundu la kujazia unga, limezibwa na selotepu halafu juu yake stika ya bei. Yaani stika ya bei! Nne zilizobaki zilifanya kazi, na moja kati ya hizo nne ilitoa mstari mweusi mwembamba upande wa kulia kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, nikaitumia kwa kopi za vitambulisho tu. Piga hesabu, 65,000 gawanya kwa 4, kila ganda limenigharimu zaidi ya 16,000. Jamaa nilipompigia akasema "dada mzigo wa mtumba hauna garantii", akanibloku. Haya, sina la kusema, hela yangu mwenyewe, niliituma kwa simu kwa vidole vyangu.

Aliyenifungua macho ni fundi mmoja mtu mzima mjini, anatengeneza mashine za kopi tangu enzi hizo Dodoma ya treni ya zamani. Nilimpelekea zile mbovu nikidhani atazifufua. Akaziangalia hata hajakaa akasema, "Mama, hizi ulizinunua usiku?" Nikamwambia hapana fundi, nilinunua kwa picha. Akacheka, "Bora ya usiku, usiku ungeshika."

Basi akanikalisha akanionyesha na ntajaribu kueleza alivyonieleza, mwenye kujua zaidi ataongezea.

Kitu cha kwanza usiangalie drami, wote tunakimbilia drami kwa sababu inang'aa. Angalia ncha mbili za katriji, zile plastiki za pembeni zinazoshikilia gia. Kiwandani zimefungwa zikafungika, ganda ambalo halijaguswa pale pako safi, hamna mikwaruzo ya kisu, hamna alama ya koleo, hamna gundi iliyokauka ikawa nyeupe nyeupe. Ukiona plastiki imenyanyuliwa kidogo kama kucha iliyokatwa vibaya, hiyo ilishafunguliwa. Ukiona skrubu kichwa chake kimelika, hiyo imefunguliwa zaidi ya mara moja. Pitisha kidole kwenye mshono wote, kidole kinajua kuliko jicho. Halafu igeuze uangalie kila sehemu yenye stika au tepu ambayo haikai vizuri, bandua. Muuzaji akisema usibandue, umeshapata jibu.

Kitu cha pili ndo drami, ile rola kubwa inayong'aa. Inafunikwa na kifuniko chenye springi, kifungue taratibu, kikiwa kimelegea au hakirudi chenyewe iache. Usiishike kwa vidole, mafuta ya mkono yanabaki na yatatokea kwenye karatasi. Iinamishe kwenye mwanga uone kama inang'aa sawasawa kuanzia mwanzo hadi mwisho. Pete iliyofifia pembeni ni drami iliyochoka, itatoa kivuli kwenye ukingo wa ukurasa. Mkwaruzo hata kama wa unywele utatoa alama, hakuna unga wala dua itakayouondoa. Na ukitaka kuizungusha shika gia, zungusha upande ambao inazunguka mashineni tu, ukiirudisha nyuma unaweza kukunja ule ubapa wa kusafishia, na ubapa ukikunjika unga unaanza kusambaa kila mahali.

Halafu hapa Dodoma kuna suala la jua. Drami haitaki mwanga, imetengenezwa iishi gizani, mwanga ndo kazi yake lakini ule mdogo wa leza ndani ya mashine, sio hili jua letu la saa 7 mchana ambalo hata mbuzi anatafuta kivuli cha nguzo. Ganda lililopangwa juu ya meza nje kwa wiki nzima, kifuniko wazi, hata kama halijawahi kufunguliwa, drami yake ishapata shida. Mi siku hizi natembea na ile mifuko myeusi inayokuja na katriji mpya, nikinunua tu natumbukiza.

Kitu cha tatu ni uzito na mlio. Hili hata mimi nilikuwa sijui: katriji ina vyumba viwili, kimoja cha unga mzuri, kingine cha unga taka, ule uliobaki kwenye drami ukakwanguliwa. Katriji "tupu" ikiwa nzito mkononi sio bahati, mara nyingi ni chumba cha taka kimejaa, maana yake kuna mtu aliijaza akaijaza tena bila kumwaga taka. Iliyotumika mara moja ni nyepesi. Tikisa karibu na sikio, ukisikia kitu kinagonga ndani, kuna kipande kimevunjika.

Nikamuuliza fundi ule unga taka si unaweza kurudishwa tu kwa matumizi, mbona unaonekana mweusi uleule. Akaniangalia kama nimemwambia nichemshie wageni maji ya kuoshea vyombo. Unga taka umechanganyika na vumbi la karatasi, umeshachoka, ukiurudisha unapata maandishi ya kijivu na rola zinakwaruzika. Na kuna watu hapa mjini wanafanya hivyo, wanakufungulia, wanahamisha taka upande wa pili, wanakutoza 12,000 ya refili. Unajua umepigwa pale ukurasa mzima unapokuwa na ukungu ukungu kama Hombolo asubuhi.

Akanipa na ujanja wa rula ambao huo peke yake ulistahili nauli. Ukiona doa linajirudia kwenye ukurasa, pima toka doa hadi doa. Drami ya hizi 85A ina upana wa milimita 24, kwa hiyo mzunguko wake ni kama milimita 75. Doa likijirudia kila sentimita 7 na nusu, yaani mara nne hivi kwenye A4, ni drami. Likijirudia kwa karibu zaidi, inaweza kuwa ile rola ndogo nyeusi ya kuchaji inayogusana na drami, hiyo wakati mwingine unaifuta tu na kitambaa kikavu inapona. Na kama maandishi yanafutika ukipitisha kidole, katriji haina kosa, hapo ni fyuza ya mashine, ile sehemu ya moto inayogandisha unga kwenye karatasi, haichomi vizuri, au umejaziwa unga ambao sio wa mashine hiyo. Unga wa 12A sio unga wa 85A jamani, weusi sio undugu.

Haya, turudi kwenye ununuzi.

Sehemu ya pili niliyonunua ni duka moja katikati ya mji, zile barabara za namba, sio mbali na soko la Majengo. Silitaji jina maana kuna mazuri na mabaya ntayasema. Bei 8,000 ganda moja, juu kidogo kuliko Kariakoo, lakini unachagua mwenyewe kwenye boksi, na hicho ndo unacholipia. Kaunta yao ina P1102 imechomekwa muda wote, ukichagua wanakuwekea wanatoa kurasa mbili kwa unga kidogo uliobaki ndani, unaona kama kuna mstari. Kurasa mbili wanachaji 500, wengine wanalalamika, mi nasema ingekuwa hata elfu ningetoa. Kijana wa pale ana subira ukienda asubuhi, ukienda saa 6 mchana watu wamejaa anakupa jicho na maneno ya "dada chukua tu hizo ziko fresh". Nendeni asubuhi.

Nimechukua pale 5 mara ya kwanza na 3 mara ya pili. Kati ya hizo 8, 7 ziko kazini au zimeshazeeka kihalali, moja ndo ilinisumbua na ni kosa langu, niliipima kila kitu nikasahau kuhesabu meno ya gia, lilikuwa limekatika moja upande wa ndani na mashine ikawa inalia tak, tak, tak kama saa ya ukutani. Waliibadilisha bila kelele siku ya tatu, nikiwa na risiti. Kwa hilo nawapa heko.

Kinachoniudhi pale ni kitu kimoja, kabati la vioo linalotazama barabara. Wamepanga maganda "ya kifahari" mle ndani, yana stika za kumeta, na jua la jioni linaingia lote. Niliwaambia, wakasema ni kwa ajili ya maonyesho. Sawa, ila wanayauza pia. Ukienda pale usichukue ya kabatini, omba ya boksini chini ya kaunta, ina vumbi ila ina afya.

Vumbi nalo. Wageni wa Dodoma hawalijui mpaka upepo wa kiangazi uanze, kuanzia Juni hivi unafagia asubuhi, saa 4 unaandika jina lako juu ya mashine. Mchanga ule ukiingia kwenye katriji unakaa kati ya drami na ubapa unakwaruza kila mzunguko. Kabla sijajaza ganda lolote nalipuliza na kulifuta kwanza, nje, barakoa mdomoni, na nguo ikichafuka unga unafua na maji baridi. Ukitumia moto unga unayeyuka na kushika kwenye uzi, gauni langu la kitenge lina ushahidi.

Sehemu ya tatu ni kijana mmoja anayezunguka ofisini anakusanya maganda, anakuja na begi la mgongoni. Anauza 5,000, na wakati mwingine analeta vitu safi ajabu, ganda halijaguswa, kifuniko chake cha rangi ya machungwa bado kipo, utasema limetoka kwenye boksi jana. Mara ya kwanza akaniambia "dada hizi za mtumba kabisa", nikamuuliza mtumba wa sokoni au Mtumba kule mji wa serikali kwa mawaziri, akacheka hakunijibu. Mi hapo nikawa mgumu. Ofisi ya umma ina utaratibu wake wa kuondoa vitu vilivyotumika, na mali ya umma hata ikiwa tupu ni mali ya umma, sitaki siku moja mtu wa suti aje kuhesabu maganda kwenye kachumba kangu. Nikamwambia niletee za ofisi binafsi, na uje na karatasi yoyote inayoonyesha umepewa au umeuziwa. Akapotea wiki mbili, nikajua ndo basi, akarudi na 6 na risiti ya mkono yenye muhuri wa kampuni ya uhasibu. Nikachukua 4. Zote nne nzima, ndo zinazofanya kazi sasa hivi ninavyoandika. Kwa hiyo bei nzuri na mali nzuri ipo, ila inataka uulize swali ambalo muuzaji hapendi.

Na lile la boksi nililosema. Siku hiyo akanionyesha na maboksi yake, masafi, akasema kuna mtu analipa 3,000 kwa boksi tupu peke yake. Boksi tupu la katriji! Sasa we jiulize mtu anataka boksi la nini. Mimi mwenyewe nikipata katriji ya boksi kwa mteja namkatia boksi palepale kwa mkasi. Wewe unayeuza boksi lako kwa 3,000, ndilo utakalokuja kuuziwa kwa 240,000.

Kuhusu kurefili, mwanzo nilikuwa napeleka mjini, 12,000 kwa moja, unakaa unaangalia. Narudia, unakaa unaangalia. Mwambie nataka kuona unga taka unamwagwa, na nataka kuona chupa ya unga imeandikwa ni ya mashine gani. Fundi mzuri haoni shida. Fundi akisema "niachie uje jioni" mi naondoka na katriji yangu. Yule mzee wa mwanzo ndo ananifanyia sasa, na akibadilisha drami anaongeza 5,000. Kwa uzoefu wangu drami orijino inanipa refili mbili safi, ya tatu inaanza kivuli pembeni, hapo nabadilisha. Kuna watu wanasukuma hadi tano, wateja wao wana macho mabovu labda.

Nina daftari, naandika kila katriji imetoa kurasa ngapi, kila ganda lina namba yake ya maka pen. Wastani wangu ni 1,300 kwa refili moja kwa sababu ya hayo majedwali ya wanachuo. Ganda la 8,000 na refili ya 12,000 ni 20,000, inakuja kama shilingi 15 kwa ukurasa. Refili ya pili hulipii ganda tena, inashuka mpaka 9 na ushee. Ile mpya ya mchina ya 30,000 ilikuwa inanipa 1,400 hivi, ni kama 21. Tofauti inaonekana ndogo ukiiandika hapa, ila mwezi wa risachi naprinti kurasa elfu kumi na kitu, hiyo ndo kodi ya chumba.

Kwa wenye mashine mpya mpya msinikimbilie mimi. Hizi nilizosema ni za zamani kidogo, chipu yake haina ubishi, inakuambia tona, yaani unga, imeisha halafu inaendelea kuprinti. Mashine kama HP M102 na M130 zinazotumia 17A ni habari nyingine, chipu ina kelele na drami ni kitu cha peke yake kinaitwa 19A, kwa hiyo ganda la mtumba la 17A ukilikagua hutaona drami kabisa, usije ukamgombeza muuzaji bure. Na usikubali mashine ijisasishe yenyewe kupitia intaneti, kuna rafiki yangu wa Chang'ombe katriji zake zote za refili zilikataliwa asubuhi moja na jana yake zilikuwa zinafanya kazi vizuri.

Basi ndo hivyo. Kariakoo kwa picha 2 kwa 10, sitarudi labda niende kwa miguu yangu nishike. Duka la mjini 7, lingekuwa 8 bila lile kabati. Kijana wa begi 8, akiwa na karatasi. Yule mzee fundi simpi maksi, ntakuwa namkosea adabu. Wiki iliyopita nimempelekea zile 12A mbili za Kariakoo ambazo zilikuwa zinalala chini ya meza, kaziangalia kwenye mishono, kapitisha kidole, akasema hizi mbona hazijawahi kufunguliwa. Kumbe kwenye mzigo mzima zilizokuwa salama kabisa ni zile mbili nisizo na mashine yake. Kuna mtu ana maganda ya 85A ya ziada abadilishane na hizi 12A? Au mwenye 1020 azitake, 8,000 moja, mje mchana mzishike.